Kuiga Ndege ya Mafunzo ya Harvard katika Kompyuta: Sura, Tabia na Maelezo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ndege ya mafunzo ya Harvard, iliyotumiwa kuwafunza marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, inavyoundwa upya ndani ya kompyuta kwa ajili ya wapenzi wa urukaji wa kuigiza. Inadaiwa hapa kwamba uaminifu wa mwigo wa aina hii haupimwi kwa mfanano wa sura peke yake. Mwigo una tabaka tatu, yaani sura, tabia na maelezo, na kila tabaka lina namna yake ya kusema kweli na ya kupotosha. Tabaka la tatu, ambalo ni la lugha, ndilo linalopewa uzito mdogo kuliko yote, ingawa ndilo linaloamua ndege hiyo itakumbukwa kuwa ilikuwa nini.

1.0 Utangulizi

Kuendesha ndege ya kuigiza ndani ya kompyuta ni burudani iliyoenea katika nchi nyingi tangu miaka ya 1980. Mwenye kuipenda huketi mbele ya skrini, akashika fimbo ndogo iliyounganishwa na kompyuta, akaona mbele yake chumba cha rubani, njia ya kurukia na anga. Wengi huchagua ndege za abiria za kisasa. Wapo, hata hivyo, wanaochagua ndege kuukuu, na miongoni mwa hizo ndege za mafunzo za wakati wa vita zina nafasi ya pekee. Ndege ya kivita iliundwa ili ishinde, lakini ndege ya mafunzo iliundwa ili ifundishe. Kwa hiyo anayeiunda upya hukabiliwa na swali la ziada: je, ni kitu gani hasa kilichokuwa kikifundisha ndani ya ndege hiyo, na je, kitu hicho kinaweza kuhamishiwa katika kompyuta?

Ili kulijibu swali hilo, makala haya yanaanza na istilahi, kisha yanaieleza ndege yenyewe na historia fupi ya vyombo vya kuigiza urukaji. Baada ya hapo yanachambuliwa matabaka ya mwigo na mipaka yake. Sehemu ya mwisho inashughulikia maelezo yanayoambatana na mwigo, na hapo ndipo historia ya Afrika Mashariki inapoingia katika mjadala.

2.0 Istilahi: kuiga, kuigiza na kuunda upya

Kiswahili kina mzizi mmoja unaobeba sehemu kubwa ya dhana inayojadiliwa hapa, nao ni -ig-. Kitenzi iga humaanisha kufanya kama afanyavyo mwingine. Kikiongezwa kiambishi cha usababishi hupatikana igiza, ambacho maana yake imejifinya katika matumizi ya kawaida na kuwa kuonyesha tendo au tabia ya mtu mwingine mbele ya hadhira. Kutokana na kitenzi hicho yamezaliwa maneno igizo, mwigizaji na uigizaji, ambayo yote yamezoeleka katika taaluma ya sanaa za maonyesho.

Tofauti ya vitenzi hivi viwili ina manufaa kwa mada hii. Anayeiga huweza kuwa peke yake, ilhali anayeigiza ana mtazamaji. Mpenzi wa urukaji wa kompyuta ana sifa zote mbili, kwa sababu anaiga matendo ya rubani, na wakati huohuo kompyuta inamwigizia ndege. Katika makala haya, neno mwigo linatumika kwa maana ya tendo la kuiga pamoja na zao la tendo hilo. Kwa chombo au programu inayofanya kazi hiyo linatumika neno kiigizi, ambalo umbo lake linafuata ruwaza ileile ya kikokotozi na kipokezi: kiambishi ki- cha ala, shina la kitenzi na irabu ya kuunda nomino. Kuunda upya kunatumika kwa kazi ya fundi anayeitengeneza ndege fulani ili iweze kurushwa ndani ya kiigizi. Hivyo basi, kiigizi kimoja huweza kubeba miigo mingi, kama jukwaa moja linavyobeba maigizo mengi.

3.0 Ndege ya Harvard

3.1 Chimbuko na majina

Ndege hii ilitokana na jamii ya ndege za mafunzo zilizobuniwa na kampuni ya North American Aviation ya Marekani. Babu wa jamii hiyo, NA-16, aliruka kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1935. Waingereza waliagiza ndege 200 mwaka 1938, na katika miaka ya vita uzalishaji ulipanuka kiasi kwamba jumla ya ndege za jamii hii zilizotengenezwa, pamoja na zile zilizoundwa Kanada, ilizidi 15,000.

Ndege ileile ilikuwa na majina mbalimbali kutegemea nani aliyeimiliki. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliiita AT-6, herufi mbili za mwanzo zikiwa ufupisho wa mafunzo ya juu, na jina lake la heshima lilikuwa Texan, yaani mtu wa Texas. Jeshi la majini la nchi hiyo liliiita SNJ, ambapo herufi ya kwanza ilisimamia upelelezi, ya pili mafunzo, na ya tatu kampuni iliyoiunda. Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake ziliiita Harvard, jina la chuo kikuu, kama vile ndege nyingine za mafunzo za Kanada zilivyoitwa Yale na Cornell. Inafaa kuzingatiwa kwamba majina haya yote yanataja kazi, mahali au elimu. Hakuna hata moja linalotaja silaha. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya 7.0.

Umuhimu wa ndege hii hauwezi kueleweka bila kuutazama mpango wa mafunzo wa nchi za Jumuiya ya Madola uliotiwa saini huko Ottawa mwezi Desemba 1939. Hadi mpango huo ulipomalizika mwaka 1945, shule zake za Kanada zilikuwa zimewahitimisha zaidi ya wanaanga 131,000. Mwanafunzi wa urubani alianza na ndege nyepesi kama Tiger Moth, kisha wale waliochaguliwa kurusha ndege za injini moja walihamia Harvard. Mafunzo kama hayo yaliendeshwa pia Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, ambako shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1940. Nchini Marekani, AT-6 ilitumiwa kuwafunza marubani weusi wa Tuskegee katika jimbo la Alabama, pamoja na marubani wanawake waliofunzwa Sweetwater, Texas.

3.2 Tabia zilizofundisha

Harvard ina viti viwili vilivyofuatana, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma. Mwanafunzi alipojifunza kuruka kwa kutegemea vipimio peke yake, alihamia nyuma na kufunikwa kwa pazia ili asione nje. Injini yake ni Pratt & Whitney yenye silinda 9 zilizopangwa mduara, ujazo wa takriban lita 22 na nguvu farasi 600. Upana wa mabawa ni kama mita 12.8, na mwendo wake wa juu ni takriban kilomita 330 kwa saa. Takwimu hizi, hata hivyo, hazielezi ni kwa nini ndege hii ilisifiwa kuwa mwalimu. Sababu imo katika tabia zake, na nne kati ya hizo zinatosha kwa mjadala huu.

Kwanza ni tabia yake ardhini. Ndege hukaa juu ya magurudumu mawili makubwa ya mbele na gurudumu dogo la mkiani, na kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya yale makubwa. Hali hiyo inafanana na ya dereva anayerudisha nyuma lori lenye tela: upotofu mdogo usiporekebishwa mapema hukua wenyewe. Rubani aliyetua na kudhani kwamba kazi imekwisha aliweza kuona mkia ukiipita pua, ndege ikazunguka na ncha ya bawa ikakwaruza ardhi. Isitoshe, pua ndefu iliyoinuka huziba njia ya mbele, kwa hiyo rubani hulazimika kuiendesha ndege kwa kuipindapinda huku na huku ili aone aendako.

Pili ni msukumo wa rafadha. Wakati wa kuanza kuruka, nguvu ya injini na mzunguko wa rafadha huivuta pua upande wa kushoto. Rubani sharti aizuie kwa kanyagio la kulia, tena kwa kiasi kinachobadilika kadiri mwendo unavyoongezeka na mkia unavyoinuka.

Tatu ni tabia ya bawa linapoishiwa na nguvu ya kunyanyua. Bawa lolote likiinuliwa mno dhidi ya mkondo wa hewa, hewa hubanduka juu yake na ndege huanza kuanguka. Katika ndege nyingine kuanguka huko ni kwa upole. Katika Harvard, bawa moja huweza kutangulia kuanguka ghafla, na rubani asiye mwangalifu hujikuta katika mzunguko wa kuteremka. Mwanafunzi alipandishwa juu sana kwa makusudi ili apatwe na jambo hili mara nyingi akiwa na mwalimu, kabla halijampata akiwa peke yake karibu na ardhi.

Nne ni utaratibu wa chumba cha rubani. Katika matoleo mengi ya wakati wa vita, kuvuta mkono wa magurudumu peke yake hakukutosha. Ilimlazimu rubani kwanza abonyeze mkono mwingine uliouwasha mfumo wa mafuta yenye shinikizo kwa muda mfupi, ndipo magurudumu au vibawa vya kutulia vitembee. Vipimio vya petroli viliwekwa sakafuni, kimoja kila upande wa kiti, na tangi la kushoto lilikuwa na sehemu iliyotengwa kuwa akiba. Mambo haya yalimzoeza mwanafunzi kufuata mfuatano wa hatua bila kuruka hata moja.

Kwa ufupi, kasoro za Harvard ndizo zilizokuwa masomo yake. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ndege hii ilikaa katikati ya mama na ulimwengu, kwa kuwa iliadhibu, lakini kwa kawaida ilimwacha mwanafunzi akiwa hai ili arudie. Hitimisho la kimantiki ni kwamba mwigo wowote unaoondoa kasoro hizo ili mtumiaji afurahi zaidi umeiondoa ndege yenyewe, hata kama rangi na misumari yake imebaki.

4.0 Kiigizi kabla ya kompyuta

Yapo mazoea ya kudhani kwamba kuigiza urukaji ni jambo lililoletwa na kompyuta. Ukweli ni kwamba kiigizi kilichofanikiwa kilitangulia ndege ya Harvard kwa miaka kadhaa. Edwin Link wa mji wa Binghamton, jimbo la New York, alikulia katika kiwanda cha baba yake kilichotengeneza vinanda. Alitumia mivukuto na vifaa vya hewa vya vinanda hivyo kuunda sanduku lenye umbo la ndege ndogo, lililoinama na kugeuka kwa kufuata fimbo ya mwanafunzi. Sanduku hilo lilikamilika mwaka 1929. Mwanzoni lilionekana kuwa mchezo wa maonyesho. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi la Marekani kufa walipokuwa wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi lilinunua masanduku sita. Wakati wa vita maelfu yalitumiwa, na mwanafunzi aliyerusha Harvard asubuhi aliweza kukaa ndani ya sanduku la Link mchana.

Tukio hili lina funzo la kinadharia. Sanduku la Link halikuonyesha anga wala ardhi. Lilikuwa na kifuniko kilichomziba mwanafunzi kabisa. Halikuwa na mfanano wa sura na ndege yoyote iliyokuwa ikitumika. Hata hivyo lilifundisha, kwa kuwa liliiga uhusiano kati ya tendo la mkono na jibu la kipimio. Hivyo basi, tangu mwanzo wa historia ya viigizi, tabia ilikwisha kutenganishwa na sura.

Viigizi vya kompyuta za nyumbani vilianza na kazi ya Bruce Artwick, ambaye programu yake ilinunuliwa kwanza na wenye kompyuta ndogo za Apple, na kisha ikatolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1982. Katika miaka ya 1990 zilifuata programu za X-Plane na FlightGear. Toleo la Microsoft la mwaka 2020 lilionyesha dunia nzima kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani. Katika mfuatano huo wote, programu kuu ilikuwa jukwaa, na watu wengine, baadhi wakiwa kampuni na baadhi wapenzi wasiolipwa, waliendelea kuunda ndege za kuongezwa humo.

5.0 Matabaka mawili ya kiufundi

5.1 Sura

Kazi ya sura huanza na michoro ya kiwandani, picha, na vipimo vilivyochukuliwa kwenye ndege zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho au zinazoendelea kuruka. Umbo la ndege hujengwa kwa pembetatu nyingi ndogo zilizounganishwa, mfano wa chandarua kilichonyoshwa juu ya kinyago. Juu ya umbo hilo huwekwa picha za rangi, kutu, mafuta yaliyomwagika na alama za jeshi. Sehemu zinazotembea, kama rafadha, magurudumu na kioo cha kufunika chumba cha rubani, hupewa mhimili wake na kuunganishwa na mkono unaoziamuru.

Hapa fundi hulazimika kuchagua toleo moja. Haipo Harvard kwa jumla. Ipo Harvard ya mwaka na kiwanda fulani, yenye vipimio vilivyopangwa kwa namna fulani. Mwigo unaochanganya sehemu za matoleo mbalimbali huweza kupendeza machoni, lakini ni sawa na kamusi inayochanganya lahaja tatu katika kidahizo kimoja bila kutoa ishara yoyote.

5.2 Tabia

Ili ndege iruke, kompyuta sharti ikadirie nguvu zinazoikabili mara nyingi kwa kila sekunde. Zipo njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni ya majedwali. Fundi huandaa orodha ya thamani zinazoonyesha bawa hunyanyua kiasi gani katika kila pembe na kila mwendo, na programu husoma thamani inayofaa. Njia ya pili, inayohusishwa zaidi na X-Plane, ni ya vipande. Mabawa na rafadha hugawanywa katika vipande vidogo, nguvu ya hewa juu ya kila kipande hukokotolewa, kisha nguvu zote hujumlishwa. Njia ya kwanza hutegemea ubora wa takwimu zilizopo, na ya pili hutegemea usahihi wa umbo na wa kanuni zinazotumika.

Njia zote mbili hupata taabu mahali palepale, yaani bawa linapoishiwa na nguvu. Hewa iliyobanduka haina utulivu, na haifuati kanuni nyepesi. Vitabu vya marubani vya wakati wa vita, ambavyo vingi vimehifadhiwa, vinasema ndege itaishiwa katika mwendo gani na rubani afanye nini. Havisemi bawa linaanguka kwa kasi gani kila sehemu ya sekunde, kwa sababu rubani hakuhitaji kujua hilo. Kwa hiyo fundi hukosa takwimu kwenye tabia ileile iliyoifanya Harvard kuwa mwalimu.

Pengo hilo huzibwa kwa mashahidi, yaani marubani wanaoendelea kuzirusha ndege hizi katika vyama vya uhifadhi na maonyesho ya anga. Rubani huujaribu mwigo na kutoa hukumu yake kwa maneno: ndege ni nzito mno, au inachelewa, au haiumi ipasavyo. Hapa suala la kiufundi hugeuka kuwa suala la semantiki. Neno zito, kwa mfano, huweza kurejelea uzani wa ndege, nguvu inayohitajika mkononi, au muda unaopita kati ya tendo na jibu. Kila maana hudai kubadilishwa kwa namba tofauti. Fundi anayelichukua neno kwa maana isiyokusudiwa hurekebisha namba isiyohusika, na rubani akirudi husema kwamba bado si yenyewe. Mwigo bora huzaliwa pale ambapo pande hizi mbili zimejenga msamiati wa pamoja.

Tabia ya injini nayo hudai uangalifu. Kampuni ya A2A Simulations, iliyoiunda T-6 kwa ajili ya programu ya Microsoft ya wakati huo, inajulikana kwa utaratibu wa kuhifadhi hali ya ndege kutoka safari moja hadi nyingine. Injini iliyochoshwa leo huanza safari ya kesho ikiwa imechoka. Kwa utaratibu huo, kosa la mtumiaji halifutiki kwa kuizima kompyuta.

5.3 Sauti

Sauti iko kati ya sura na tabia, kwa kuwa inavutia sikio na papo hapo inatoa habari. Mngurumo wa Harvard inaporuka unajulikana kwa ukali wake, na chanzo chake kinaweza kukokotolewa. Rafadha yake ina kipenyo cha takriban mita 2.74, na imefungwa moja kwa moja kwenye injini bila gia ya kupunguza mwendo. Injini ikizunguka mara 2,250 kwa dakika, ncha ya rafadha husafiri kama mita 323 kwa sekunde, ilhali sauti yenyewe hewani husafiri kama mita 340. Ncha inakaribia mwendo wa sauti, na hewa inayokatwa hivyo hupiga kelele kali inayosikika mbali. Fundi anayerekodi sauti ya injini peke yake na kuiacha ya rafadha atakuwa ameirekodi ndege nyingine.

6.0 Mipaka ya mwigo

Ipo mipaka ambayo ustadi wa fundi hauwezi kuivuka. Mpaka wa kwanza ni wa mkono. Katika ndege halisi, fimbo huwa ngumu kadiri mwendo unavyozidi na hulegea mwendo unapopungua, kwa hiyo mkono wa rubani hujua mwendo kabla jicho halijasoma kipimio. Fimbo ya kawaida ya nyumbani ina springi yenye ugumu uleule wakati wote. Mpaka wa pili ni wa mwili. Ndege inapoanza kuteleza ardhini, rubani huhisi kwanza kwenye kiti. Mtumiaji wa kompyuta hana budi kusubiri macho yamwambie, na anapoambiwa huwa amekwisha kuchelewa. Ajabu ni kwamba kwa sababu hiyo mwigo mwaminifu huweza kuwa mgumu kuutua kuliko ndege yenyewe, na fundi hushawishika kuulainisha.

Mpaka wa tatu ni wa adhabu. Mtumiaji asiyeona mbele ya pua huweza kuinua jicho la programu na kutazama kutoka juu. Aliyevunja bawa hubonyeza kitufe na kuanza upya. Katika shule za vita hapakuwa na kitufe hicho, na wanafunzi pamoja na walimu walikufa katika ajali za mafunzo. Mwigo unafundisha utaratibu, uvumilivu na heshima kwa waliotangulia. Haufundishi hofu, na haufai kudai kwamba unafundisha.

7.0 Tabaka la tatu: maelezo

Kila ndege ya kiigizi huambatana na maneno: jina, kitabu cha mwongozo, aya chache za historia, na majina ya rangi na alama ambazo mtumiaji anaweza kuchagua. Maneno haya huchukuliwa kuwa nyongeza. Hoja ya makala haya ni kwamba ni sehemu ya mwigo, kwa kuwa ndiyo yanayomwambia mtumiaji anachokiendesha ni nini. Umbo na tabia havina uwezo wa kusema ndege ilitumiwa na nani, wapi na dhidi ya nani.

Historia ya Harvard barani Afrika inadhihirisha uzito wa jambo hili. Ndege hii iliundwa kwa namna ambayo iliweza kufungwa bunduki na vishikio vya mabomu ili mwanafunzi ajifunze kulenga. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, Jeshi la Anga la Uingereza liliunda kikosi namba 1340 mwaka 1953, na kukipa ndege za Harvard zilizotoka katika shule za mafunzo za Rhodesia ya Kusini. Kikosi hicho kiliruka kutoka Thika na baadaye Mweiga, karibu na Nyeri, kikiwa na bunduki za rashasha na mabomu madogo ya takriban kilo 9, dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1955. Ureno nayo ilitumia ndege za jamii hii katika vita vyake vya kikoloni nchini Angola, Guinea na Msumbiji, hadi vita hivyo vilipokoma mwaka 1974. Afrika Kusini, kwa upande wake, iliendelea kuitumia Harvard kwa mafunzo hadi mwaka 1995.

Kwa hiyo kirai ndege ya mafunzo ni cha kweli na hakitoshelezi. Kinataja kusudi la muundaji, si maisha yote ya kilichoundwa. Mwanaisimu angesema kwamba fasili imechukuliwa mahali pa historia. Mkulima wa Nyeri aliyeusikia mngurumo ulioelezwa katika sehemu ya 5.3 mwaka 1954 hakuwa na sababu ya kuihusisha ndege hiyo na shule wala na chuo kikuu ambacho jina lake ilikuwa imepewa.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu viigizi vilipoanza kuionyesha dunia nzima. Mtumiaji anaweza kuuchukua mwigo wa Harvard, akaupandisha juu ya Nyandarua, akaona mabonde na msitu uleule. Sura ya ndege itakuwa sahihi, tabia itakuwa sahihi, na mandhari yatakuwa sahihi. Ikiwa maelezo yananyamaza, usahihi huo wote utamfundisha kwamba juu ya msitu huo haikuwahi kuruka ila ndege ya wanafunzi. Injini ya mwigo inaweza kukumbuka ilivyochoshwa jana. Maelezo yake yasikose kukumbuka mwaka 1953.

Huenda ikadaiwa kwamba burudani haipaswi kubebeshwa mzigo wa historia. Dai hilo lingekuwa na nguvu kama wapenzi wa burudani hii wasingejali historia. Lakini mtu anayebishana kwa siku nyingi kuhusu mahali pa kipimio cha petroli, au kivuli cha rangi ya manjano kilichopakwa mwaka fulani, amekwisha kukubali kwamba ukweli wa zamani una thamani. Kinachoombwa hapa ni kwamba kipimo hichohicho kitumike kwa maneno. Sentensi tatu zinazotaja Kanada, Rhodesia na Kenya pamoja na miaka yake zinatosha. Hazimzuii mtu yeyote kuifurahia ndege, wala hazipunguzi sifa za waliojifunza humo ili waupinge ufashisti.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, hapa pana kazi ya kufanywa. Miongozo ya viigizi inahitaji tafsiri, na tafsiri hiyo haitafanikiwa kwa kulinganisha neno na neno. Mfasiri atalazimika kuuliza kila sehemu inafanya nini kabla ya kuuliza inaitwaje. Rafadha, kanyagio, kipimio na kiigizi yanatosha kuonyesha kwamba lugha ina akiba. Palipo na pengo, maelezo mepesi ni bora kuliko istilahi isiyoeleweka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuiunda upya ndege ya Harvard katika kompyuta ni kazi ya ufasiri. Katika tabaka la sura, fundi huchagua toleo moja na kulifuata. Katika tabaka la tabia, huhifadhi kasoro zilizofundisha, na hugeuza maneno ya marubani kuwa namba. Katika tabaka la maelezo, hueleza ndege ilifanya nini, mahali ilipokusudiwa na mahali isipokusudiwa. Matabaka mawili ya kwanza yamepata mafundi stadi na wakosoaji wakali, ilhali la tatu bado linasubiri wakosoaji wa kiwango hicho. Wataalamu wa lugha wana kila sababu ya kuwa miongoni mwao, na wale wa Afrika Mashariki wana sababu moja zaidi, kwa kuwa sehemu ya habari inayokosekana ilitokea katika misitu ya nchi yao, na baadhi ya walioishuhudia waliihifadhi kwa lugha zao wenyewe.